Deba inaamuliwa kwenye karatasi: mdahalo rasmi kwa mwanafunzi anayeanza

Mwanafunzi wa lise (shule ya sekondari) mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, akiambiwa kwamba wiki ijayo kuna deba, yaani mdahalo, jambo la kwanza analofanya ni kutafuta maneno makubwa ya Kifaransa. Anaandika hotuba nzima kwenye daftari, anaikariri njiani, na siku yenyewe anaimwaga bila kupumua. Ukumbi unapiga makofi. Kisha juri, yaani majaji, inatangaza kwamba upande wa pili umeshinda, na watu wanatoka wakinong'ona kuwa juri imependelea.

Mara nyingi juri haikupendelea mtu. Ile hotuba ilikuwa tamu, ila haikumjibu yeyote. Katika mdahalo rasmi, kinachopimwa zaidi ni namna hoja ya upande huu ilivyokutana na hoja ya upande ule, na baada ya kukutana ni ipi iliyobaki imesimama. Hotuba iliyoandikwa yote tangu nyumbani haiwezi kukutana na kitu, maana iliandikwa kabla adui hajasema neno. Ndiyo maana tutazungumza zaidi juu ya kusikiliza na kuandika kuliko juu ya sauti na mikono.

Mada

Mada ni ile sentensi ambayo upande mmoja unaitetea na mwingine unaipinga, na midahalo mingi ya shule huharibika hapo hapo. "Mazingira ni muhimu" haifai: nani atakubali kuipinga? "Kati ya mwanamke na mwanaume nani bora" ni ugomvi uliovaa shati jeupe. Mada nzuri inataja nani afanye nini, na mtu mwenye akili zake anaweza kukaa upande wowote bila aibu.

Tuchukue jambo ambalo kila mtu wa Bukavu analiona kwa macho: sashe, ile mifuko myepesi ya plastiki. Mada ikiwa "Sashe za plastiki zipigwe marufuku", inaonekana safi, kumbe ina shimo. Kongo ilishazipiga marufuku kwa dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017, inayokataza kuzitengeneza, kuziingiza, kuziuza na kuzitumia. Mpinzani anayelijua hilo atasimama aseme, "Mnaomba kitu kilichopo tayari," na saa nzima itapotea kwenye sheria huku soko likisahaulika. Afadhali hivi: "Mji wa Bukavu umtoze faini kila muuzaji wa soko la Kadutu anayefunga bidhaa kwa sashe ya plastiki." Sasa kuna mtendaji, kuna tendo, kuna mahali. Mada hii tutatembea nayo.

Neno moja kwa walimu wanaochagua mada. Katika mji huu vita si habari ya redioni. Ndani ya darasa moja wapo waliozika ndugu na wapo walioacha nyumba. Kumwambia mtoto huyo atetee upande fulani wa vita kwa dakika sita ni kumtonesha kidonda, na anayemjibu hatajua anajibu hoja au anamjibu mtu. Vilevile mada za kabila hili na lile. Kuna mada elfu za kufundishia, hizo ziacheni.

Watu sita, saa moja

Kwa anayeanza, muundo unaofaa kuliko yote ni ule wa Karl Popper, uliopewa jina la mwanafalsafa aliyezaliwa Vienna mwaka 1902 na kufariki mwaka 1994, ambaye alifundisha kwamba wazo hupimwa kwa kujaribu kuliangusha. Kila timu ina watu watatu. Timu inapewa mada mapema, siku au wiki kadhaa, iende kutafiti pande zote mbili. Upande hupangwa kwa sarafu, si kwa moyo.

Mtetezi wa kwanza anaongea dakika 6: anafafanua maneno ya mada na kuweka hoja zote za timu. Akimaliza, mpinzani wa tatu anamhoji kwa dakika 3. Mpinzani wa kwanza naye ana dakika 6, anaweka hoja za upande wake na kuanza kujibu. Mtetezi wa tatu anamhoji dakika 3. Mtetezi wa pili anapata dakika 5 za kujenga upya kilichobomolewa, kisha anahojiwa na mpinzani wa kwanza. Mpinzani wa pili hali kadhalika, akihojiwa na mtetezi wa kwanza. Wa tatu wa kila upande wanafunga kwa dakika 5 kila mmoja, hawahojiwi. Jumlisha: dakika 44. Kila timu ina dakika 8 za kujiandaa, inazikata vipande inavyotaka katikati ya mdahalo, kwa hiyo jumla ni saa moja kamili.

Kipindi cha shule ni dakika 50, na hapo ndipo profu (walimu) wengi wanapokwama, wanaanza kumkata wa mwisho kwa sababu kengele inakaribia. Kata mapema, tena kwa usawa: wa kwanza dakika 4, wengine 3, kuhoji dakika 2, maandalizi dakika 4 kwa timu. Unapata dakika 36, na juri inabaki na 14 za kuamua na kueleza.

Zile dakika za maandalizi hutumika vibaya kuliko kitu chochote. Timu ngeni huzimaliza zote kabla ya msemaji wake wa pili, kisha wa tatu anapanda mikono mitupu. Mgao wa kuanzia kwa dakika 8: mbili kabla ya wa kwanza kama ni mpinzani, tatu kabla ya wa pili, tatu za mwisho ziachwe kwa wa tatu. Watetezi, ambao wa kwanza wao anakuja na hotuba tayari, wanaweza kumwachia wa tatu hata nne.

Anayeshika saa awe mtu mmoja asiye na kazi nyingine. Simu inafaa, lakini izimwe mtandao, la sivyo shangazi atapiga katikati ya dakika ya nne. Aonyeshe karatasi kubwa zenye "2", "1" na "nusu", kelele za "muda!" humvuruga anayeongea.

Mwanafunzi akifika chuo kikuu atakutana na muundo mwingine, wa bunge la Uingereza: timu nne za watu wawili wawili, dakika 7 kila msemaji, na mada hutolewa dakika 15 tu kabla ya kuanza. Huko hakuna kipindi cha kuhoji. Anayetaka kuuliza husimama katikati ya hotuba ya mwenzake, isipokuwa dakika ya kwanza na ya mwisho, na anayeongea ana hiari ya kumkubali au kumkatalia. Usianzie huko. Ukishajua kujibu kwa utaratibu, kubadili muundo ni kazi ya wiki chache.

Karatasi

Chukua karatasi ya A4, ilaze, ikunje mara kadhaa upate safu sita zinazoshuka: moja kwa kila msemaji, kwa mpangilio wanaoongea. Biki mbili, ya buluu kwa watetezi, nyekundu kwa wapinzani. Hoja ya kwanza ikitajwa, iandike juu kabisa ya safu ya kwanza. Mpinzani akiijibu, jibu liandikwe safu ya pili, usawa ule ule, na mshale kati yake. Hoja ya pili ishuke chini, uache nafasi ya vidole vitatu.

Ukifanya hivyo, mwisho wa mdahalo kila hoja ni mstari unaokwenda kulia, na unaweza kuisoma safari yake yote. La thamani zaidi ni nafasi tupu. Mstari ukikatika katikati, kuna hoja ambayo hakuna aliyeijibu, na kwa kanuni ya mchezo hoja isiyojibiwa huhesabiwa kuwa imekubaliwa, hata kama ilikuwa dhaifu, mradi ilikuwa na sababu.

Kosa la kwanza la mwanzo ni kuandika sentensi nzima. Hutawahi. Andika "mv → tk ziwani → Rzz" na wewe mwenyewe ujue ni mvua, takataka na Mto Ruzizi. La pili ni kuacha kuandika unapokaribia kupanda, kwa sababu unapanga hotuba yako. Ndipo unapokosa kile hasa ulichopaswa kukijibu. Mwenzako aliyeketi aandike kwa niaba yako, na timu ikubaliane tangu mwanzo nani anamwandikia nani.

Hoja moja tuifungue

Watetezi wetu wanadai: faini itapunguza plastiki inayofika ziwani. Wengi wakishasema hivyo huongeza "kwa sababu plastiki inaharibu mazingira", wakidhani wametoa sababu. Wamerudia dai kwa nguo nyingine. Sababu ni mnyororo, na kila pete yake isemwe kwa mdomo.

Bukavu imejengwa kwenye miteremko. Mvua ikinyesha, takataka za Kadutu hushuka na mifereji hadi Ziwa Kivu. Maji ya ziwa hili yana mahali pamoja pa kutokea, Mto Ruzizi, unaoanzia hapa hapa mjini kuelekea Tanganyika. Kwenye mto huo, karibu na ziwa, kuna bwawa la umeme la Ruzizi I, la tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Plastiki inayoelea hukusanyika pale maji yanapoingilia, mitambo huziba, husimamishwa isafishwe, na taa zinazimika mjini. Sasa ongeza uzito: nani anaumia taa zikizimika? Mwenye kinu, msusi, muuguzi wa zamu ya usiku. Hapo msikilizaji ameona njia kutoka sashe moja hadi chumba chenye giza.

Umeona pete iliyokosekana? Hakuna aliyeeleza jinsi faini kwa muuzaji inavyopunguza sashe zenyewe. Je, mnunuzi atakuja na kikapu? Je, muuzaji atafunga kwa karatasi? Faini ni kiasi gani, inatozwa na nani, kwa risiti au mkononi? Timu iliyokuja imejiandaa vizuri kuhusu ziwa na bwawa, lakini haikuandaa pete iliyo karibu zaidi na mada yenyewe. Hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote: kuthibitisha kwamba tatizo ni kubwa, kisha kukimbia swali la kama dawa inatibu. Sema wazi: faini ya faranga 5,000, kwa risiti, baada ya onyo moja. Ukitaja kiasi, unaweza kushambuliwa. Usipokitaja, huna hoja.

Kipimo kizuri ni hiki. Kabla ya siku ya deba, ieleze hoja yako kwa Kiswahili cha nyumbani kwa mtu anayeuza sokoni, bila neno hata moja la Kifaransa cha darasani. Ukishindwa, huielewi bado. Neno "mantalite" (namna ya kufikiri) peke yake limeua hoja nyingi mjini hapa: "tatizo ni mantalite ya watu". Mantalite ipi, imetoka wapi, kwa nini jirani zetu wa ng'ambo ya daraja hawanayo?

Na jirani hao watatajwa tu. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019. Mtu yeyote anayevuka kwenda Kamembe, upande wa Rwanda, anajua kuacha sashe upande huu. Ni ushahidi halali, ila "Rwanda imeweza" haitoshi. Onyesha kilichowafanya waweze, kisha onyesha kwamba kitu hicho kipo Bukavu au mpango wenu unakileta. La sivyo mpinzani atasema jambo moja tu: sisi pia tumekuwa na marufuku tangu 2017, na sashe zipo. Mfano wenu umegeuka wake.

Kuhusu takwimu, kanuni ni fupi. Usiseme "asilimia 80 ya watu" kama hujui nani aliwahesabu, lini na wapi. Mhojaji mwenye utulivu atakuuliza hayo matatu mbele ya watu, na ukishakamatwa kwa namba moja, hata zile za kweli hazitaaminiwa.

Kujibu

Kujibu kuna mwendo wa hatua nne ambao mwanafunzi aukariri mpaka uwe kama salamu: wamesema hivi, sisi tunasema hivi, kwa sababu hii, kwa hiyo hoja yao inabaki hivi. Hatua ya kwanza isemwe kwa haki. Ukiikunja hoja ya mwenzako ili iwe rahisi kuipiga, juri ina karatasi yake na itaona kwamba umepiga kivuli. Hatua ya nne ndiyo inayosahauliwa zaidi. Bila hiyo juri inajua umepinga, haijui umeshinda nini.

Njia za kupinga si nyingi. Unaweza kusema jambo si kweli. Unaweza kusema ni kweli lakini dogo: plastiki ya bwawa hutoka kwenye chupa na mitaa yote, si Kadutu tu. Unaweza kusema ni kweli lakini halihusiani na mada. Na unaweza kuigeuza, njia iliyo ngumu na yenye faida kubwa: "Wenzetu wanasema faini itaondoa sashe. Sisi tunasema itazifuga. Anayetoza faini kila asubuhi anaishi kwa sashe hizo. Zikiisha, naye kazi imeisha. Kwa hiyo mpango wao unamwajiri mtu mwenye hamu ya kuona tatizo likiendelea." Hapo mpinzani hakuvunja tu, amechukua tofali la mwenzake na kujengea ukuta wake. Chagua njia moja au mbili kwa kila hoja. Anayezitumia zote nne huishia kujipinga, maana huwezi kusema sashe hazifiki ziwani na papo hapo useme zinafika lakini kidogo.

Kuhoji ni kazi nyingine kabisa. Zile dakika 3 ni za maswali, na mhojaji anayeanza na "Je, hamuoni kwamba…" ameshaanza kuhutubia. Swali liwe fupi, la jambo moja, na ulijue jibu lake. Mpinzani wa tatu anamhoji mtetezi wa kwanza:

– Faini atalipa nani, muuzaji au aliyeziingiza sashe nchini?
– Muuzaji.
– Mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo, kwa bakuli, kesho atamfungia nini mteja?
– Mteja atakuja na chombo chake.
– Asiyekuja nacho?
– Atazoea.
– Siku ambazo bado hajazoea, mama anauza au anakosa?
– Anaweza kukosa kidogo.
– Asante. Twende kwenye bwawa.

Angalia alipoishia. Mhojaji mgeni angeongeza, "Kwa hiyo mnakubali mpango wenu unawaumiza maskini?" na mtetezi angepata nafasi ya kujieleza kwa dakika nzima. Jibu la "anaweza kukosa kidogo" limeshaandikwa kwenye karatasi. Mpinzani wa kwanza au wa pili atalitumia kwenye hotuba, mahali ambapo hakuna wa kumkatiza. Anayehojiwa naye asikatae kila kitu. Kukubali jambo dogo lililo wazi humfanya aaminike atakapokataa lile kubwa.

Msemaji wa tatu haruhusiwi kuleta hoja mpya. Mpinzani wa tatu ndiye anayeongea mwisho kabisa, na akileta jambo geni hakuna aliyebaki wa kulijibu, juri hulifuta. Kazi yake ni kuchagua mistari miwili au mitatu ya karatasi iliyobeba mdahalo na kuipima: hata kama wenzetu wana haki kuhusu bwawa, kwa nini mkate wa mama wa sambaza leo uwe mzito kuliko umeme wa mwaka ujao? Kupima maana yake ni kusema wangapi wanaguswa, kwa kiasi gani, lini, na kama hasara inaweza kurekebishwa. Anayerudia hoja zote sita harakaharaka hajapima kitu.

Salamu zisizidi sekunde 15. "Mheshimiwa msimamizi, waheshimiwa majaji, walimu wapendwa, wazazi wetu" ni heshima, lakini kila jina linakatwa kwenye hoja yako.

Juri inaamua nini

Jaji anakaa kama mtu mwenye busara aliyeacha maarifa yake mlangoni. Hakamilishi pete ambayo timu haikuisema, hata akiijua, na hachukui upande anaouamini. Lafudhi si hoja. Anayechanganya Kifaransa na Kiswahili ili aeleweke apimwe kwa alichokieleza, isipokuwa kama deba yenyewe ni zoezi la lugha na wote waliambiwa.

Turudi Kadutu. Tuseme mdahalo wa sashe umekwisha na jaji anaangalia karatasi. Mstari wa bwawa umefika mwisho ukiwa na nguvu. Wapinzani walisema tu kwamba plastiki nyingine hutoka kwingine, na watetezi wakajibu kwamba kupunguza sehemu ni bora kuliko kuacha yote. Mstari wa mama wa sambaza umejibiwa nusu: atapoteza kwa muda, kisha watu watazoea. Mstari wa mtoza faini, ule uliogeuzwa, unaanza safu ya mpinzani wa kwanza, na kwenye safu ya mtetezi wa pili pana nafasi nyeupe. Mtetezi wa tatu alipanda, akaongelea Rwanda, akashuka. Mpinzani wa tatu aliweka kidole pale pale: kama anayetekeleza mpango ana faida ukishindwa, bwawa halitapona, na hoja kubwa ya watetezi inabaki bila mguu.

Jaji huyo huenda nyumbani kwake hanunui kitu kwa sashe. Anawapa ushindi wapinzani, na anapoitwa na watetezi kueleza sababu, anawaonyesha ile nafasi nyeupe na kuwauliza nani kati yao alikuwa na zamu ya kuandika.